Kizibo cha Radieta na Mbuzi wa Ntheo

Mume wangu aliniposa kwa maneno matamu, halafu akaacha mambo hapo kwa miaka mingi. Tulikutana Kitui mjini, tukapendana, tukahamia Tulia, tukafungua duka la mbegu na dawa za shamba, tukazaa, tukajenga. Kanisani tunaketi benchi moja. Tulia nzima inanijua kama mke wake. Lakini kwetu Kambu, upande wa Makueni, nilikuwa bado msichana wa nyumbani aliyechelewa kurudi.

Sababu ni mbuzi. Kwetu Wakamba mwanamke anaweza kuzaa watoto wa kujaza darasa, akalima, akauguza wakwe zake na kuwazika, lakini kama mbuzi wa ntheo hawajaingia katika boma la babake, hajaolewa. Mbuzi hao si mahari yote. Ni ule mlango wa kwanza tu, lakini usipoufungua, hata ukija na lori la ng'ombe utaonekana mpita njia.

Baba hakuwahi kugombana na mume wangu. Angegombana naye ningeshukuru. Tulipomtembelea alimpa kiti, akampa chai, akamuuliza habari za mvua za Kitui, kisha akanyamaza. Hakumwita mkwe wala kumwita kwa jina. Na mimi hakunitaja kabisa. Majirani wakimuuliza binti yake yuko wapi siku hizi, mama aliniambia, alikuwa akijibu, "Yuko huko," na kuwauliza habari za ndengu zao.

Sasa binti yetu wa kwanza akapata mchumba. Kijana mzuri, wa familia ya kanisa, na jamaa zake walitaka kuja Jumamosi fulani na mbuzi wao. Hapo ndipo mume wangu alipojua kwamba kulala si kufa lakini kunafanana. Mbuzi wa binti hawapokelewi katika nyumba ambayo mbuzi wa mama hawajatoka. Baba alituma neno kutoka Kambu: ama tulete ntheo yangu kwanza, ama wachumba wapelekwe kwake, maana kwa hesabu ya mila huyo mtoto pia ni wake.

Tulishapanga siku mara mbili na mara mbili ikavunjika. Mara ya kwanza ukame ulikuwa umewakondesha mbuzi hadi mume wangu akaona haya kuwaonyesha. Mara ya pili kulikuwa na mazishi katika ukoo wao. Baba akasema ya tatu ndiyo ya mwisho. Angekaa nje ya nyumba yake siku hiyo hadi jua liwe utosini. Likipinda, angekwenda shambani, na tusimtafute tena. Ninamjua baba. Akisema atakwenda shamba, anakwenda shamba. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi moja kabla ya ile ya wachumba.

Tulikuwa na pikapu. Niseme wazi kwamba nilikuwa naiendesha mimi. Mume wangu alijaribu kujifunza, akaangusha choo cha kanisa, na tangu hapo amekuwa mtu wa kukaa upande wa abiria na kutoa ushauri. Pikapu hiyo ilibeba bidhaa za duka, ilibeba ndengu wakati wa mavuno, ilibeba wagonjwa na kwaya. Na kwa wiki kadhaa kabla ya siku hiyo ilikuwa inavuja maji. Kila asubuhi kulikuwa na doa chini yake na kuku wa jirani wamejipanga.

"Ni jasho tu," mume wangu alisema.

"Gari linatoa jasho likiwa limelala?"

Alikuwa na dawa yake. Makanika wetu alikuwa ametia ndani yale maji ya kijani ya kupoza injini, na mume wangu, kila yalipopungua, aliongeza maji ya kisima cha mashine, ambayo huku kwetu yana chumvi hata chai inakataa sukari. Halafu akachukua kipande cha sabuni ya kufulia akaipaka radieta mbele yote, kama anayesiliba ukuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, lakini hawakusema uzibe kwa sabuni. Nilimwambia tuipeleke kwa makanika. Akasema itafika Kambu na kurudi, tutaipeleka baadaye. Nilikuwa na mengi ya kupika na kufunga, nikanyamaza.

Tuliondoka Tulia mapema, bado kuna baridi. Mbele tulikuwa mimi na baba mkubwa wa mume wangu, mzee wa ukoo ambaye ndiye angetusemea, kwa sababu mwoaji hajisemei. Mzee huyo ni mtu wa maneno machache ya thamani na suruali iliyopigwa pasi hadi inakata. Nyuma walikuwa mbuzi, beberu mmoja na majike wawili, pamoja na kreti za soda, kwa kuwa sisi ni watu wa wokovu na pombe ya asali hatubebi. Mume wangu alikaa nao nyuma kuwashika, ndani ya suti yake ya kijivu.

"Tangu lini bibi harusi anajipeleka mwenyewe?" mzee aliuliza tulipopita Kitui.

"Tangu bwana harusi aangushe choo, mzee."

Alicheka kidogo na kutazama nje. Tulikuwa tumekubaliana kwamba nitashuka kabla ya lango, nizunguke nyuma niingie jikoni kwa mama, na wanaume waingize mbuzi kwa miguu. Kwa njia hiyo mila ingetimizwa na gari lingefika.

Tulikuwa tumeshapita Mutomo, tunaelekea Ikutha, wakati mshale wa joto ulipoanza kupanda. Nilizima redio, kana kwamba ingesaidia. Mshale ukaendelea. Nikaona mvuke mwembamba ukitoka pembeni ya boneti, nikaegesha kwenye kivuli cha mgunga na kuzima injini.

Mume wangu aliruka kutoka nyuma, nyasi kwenye mabega, akafungua boneti na kupeleka mkono moja kwa moja kwenye kifuniko cha radieta. Nilimpiga kofi la mkono.

"Wacha kugusa hiyo!"

"Nataka kufungua kidogo tu, hewa itoke."

"Fungua, maji ya moto ikurukie uso, halafu nikupeleke kwa baba umechemshwa. Ngoja ipoe."

Tukangoja. Hakuna kazi ngumu kama kungoja chuma kipoe huku jua linapanda. Mzee alimpigia makanika mmoja anayemjua Mutomo. Yule bwana alikuwa kwenye harambee, angekuja jioni. Kisha ndugu yangu mdogo akapiga simu kutoka Kambu.

"Mzee ameoga," alisema. "Amekaa nje na kiti chake. Mko wapi?"

"Tuko njiani."

"Njiani wapi?"

"Njiani," nikasema, nikakata.

Nitasema ukweli, nilikuwa na hasira ambayo ilinipa joto kuliko ile injini. Nilimkasirikia mume wangu kwa sabuni yake, nikamkasirikia baba kwa jua lake. Na nilimwona binti yangu, huko Tulia, akipiga pasi vitambaa vya meza kwa ajili ya wageni ambao wangeelekezwa Kambu kama mzigo uliokosewa anwani. Nikasema leo sikai kwenye jiwe kulia. Nikatoa gunia nyuma ya kiti, nikalitandaza chini ya gari, nikajilaza juu yake na gauni langu la kitenge lililoshonwa kwa siku hiyo.

"Mama watoto, unafanya nini?" mume wangu aliuliza.

"Natafuta mahali inavuja. Wewe ulipaka sabuni bila kuangalia."

Nilichukua kitambaa nikaifuta radieta yote ikawa kavu, kuanzia juu hadi chini. Kisha nikatulia na kuangalia. Huo ndio utafiti wote niliofanya. Matundu yote ya mbele, yale aliyoyasiliba, yalibaki makavu. Lakini chini kabisa, kwenye kona, kuna kizibo cha plastiki kinachofunguliwa ukitaka kuyamwaga maji yote. Hapo, tone moja lilijikusanya, likanenepa, likaanguka kwenye shavu langu.

"Radieta ni nzima!" nikapiga kelele. "Ni kizibo tu kinavuja!"

"Basi nikaze na koleo," alisema.

Nikakitazama kizibo. Masikio yake mawili, yale ya kushika kwa vidole, yalikuwa yametafunwa na koleo hadi yamebaki vipande.

"Umeanza kukaza lini?"

Akajifanya anamfunga beberu vizuri zaidi. Ndipo nikaelewa, na nikaelewa kwa mgongo wangu, si kwa akili. Mtu yeyote aliyelima ndengu anaijua pampu ya dawa, ile ya kubeba mgongoni. Inafika siku inaanza kuvuja, dawa inakutiririka hadi kiunoni. Unakaza, inavuja. Unakaza zaidi, inavuja zaidi, hadi unavunja shingo yake. Tatizo halikuwa nguvu. Ndani yake kuna pete ndogo ya raba, na raba ikikauka imekufa, hata ukiikalia. Nimebadilisha pete za pampu nyingi kuliko nilivyobadilisha mapazia, zangu na za wateja wa duka. Hiki kizibo kilikuwa ndugu yake.

Nikatoka chini nikawaambia kazi ni ndogo. Tumwage maji yote, tufungue kizibo, tubadilishe pete, tujaze tena.

Mzee alinitazama kama mtu aliyesikia nimependekeza tuchome pesa. Mtu aliyekulia Ukambani hamwagi maji. Maji ya kuoshea vyombo yanakwenda kwa miche, ya kuoshea miguu yanakwenda kwa mwembe. Gari limekauka kwa kukosa maji, na dawa yangu ni kutoa hata yale kidogo yaliyobaki!

"Mwaitu," alisema, yaani mama kwa Kikamba, kwa upole wa mtu anayeongea na mgonjwa, "maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya yatazoleka, mzee. Nimeweka karai."

Na kweli tulikuwa na karai, lile tuliloletea majani ya mbuzi. Injini ilikuwa imepoa hadi naweza kuweka kiganja. Nikafungua kifuniko cha juu kwa kitambaa, nikisikiliza. Kilitoa pumzi ndogo tu. Nikarudi chini, nikashika mabaki ya kizibo kwa koleo, polepole, nikazungusha kushoto. Maji yakaja kwanza kama machozi, kisha mstari, kisha mkondo mzima wenye rangi ya kutu na ukijani ndani yake. Mkono wangu ukalowa hadi kwapani. Nilifurahi kama nimechimba kisima.

Kizibo kilitoka mkononi. Pete yake ilikuwa ngumu kama punje ya mahindi, na imepasuka. Na pale kinapokaa palikuwa na ganda jeupe la chumvi, zawadi ya kisima cha mashine. Nikasukuma karai pembeni nipate nafasi ya kusafisha. Nikavunja kijiti, nikatafuna ncha yake ikawa brashi, kama tunavyofanya mswaki, nikaanza kusugua.

Nikasikia mbuzi wamenyamaza.

Mbuzi wa safari hawanyamazi bure. Walikuwa wamelia tangu Kitui. Nikageuza kichwa, karai halipo. Nikatoka chini ya gari kwa magoti na kuona mzee amesimama nyuma ya pikapu, amenyanyua karai kwa mikono miwili, na beberu amenyoosha shingo, midomo yake iko ukingoni kabisa. Mzee alikuwa na huruma usoni. Aliona maji, akaona mbuzi wenye kiu, akafanya ambacho kila mtu wa huku angefanya.

Hakukuwa na muda wa adabu. Niliruka nikalipiga karai kwa ngumi, likapinduka lote, kwenye suruali ile ya pasi, kwenye viatu, kwenye soksi.

Mume wangu, aliyekuwa mbali kidogo akitafuta mtandao, alisimama na simu sikioni.

"Umenimwagia maji," mzee alisema. Hakupaza sauti. "Siku ya kwenda kukusemea, umenimwagia maji mbele ya mbuzi."

Akachukua fimbo yake mbele ya gari, akavaa koti, akaanza kutembea kurudi Mutomo.

Bila yeye safari imekufa. Tungefika na mbuzi na gari zima, lakini mume wangu angesimama langoni bila mdomo. Na nitasema pia kwamba kwa hatua chache za kwanza nilitaka kumwacha aende. Nina hasira za karibu, ndivyo nilivyoumbwa. Lakini nilimfikiria binti yangu, nikakimbia nikamzunguka, nikasimama mbele yake na mikono yangu yenye kutu.

"Mzee, hayo maji yana dawa. Makanika alitia dawa ya injini. Ni kama maji ya kuoshea pampu. Wewe unaweza kupatia mbuzi maji ya kuoshea pampu?"

Alisimama. Hilo alilijua. Kila mtu huku anamjua mbuzi aliyekunywa maji ya kuosha pampu, na yeye alikuwa na wake, jike la maziwa, aliyelala chini kabla ya jua kutua.

"Ni kama ya pampu?"

"Ni mbaya zaidi. Ya pampu inanuka, mbuzi anaweza kukataa. Hii ni tamu."

Alitazama suruali yake, akatazama nyuma kwenye pikapu, ambako beberu alikuwa ameanza kulia tena kwa afya zake zote.

"Kwa hivyo tungefika kwa mtu," alisema taratibu, "tushushe mbuzi, niseme maneno yangu, halafu waanze kuanguka mmoja mmoja nikiongea."

"Ndiyo, mzee."

"Ngai wakwa, Mungu wangu." Akashika kichwa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Mwaitu, rudi kwa kazi yako. Mimi nifukie hii kitu kabla mbuzi ya wenyewe haijapita."

Alirudi akalifukia lile tope kwa mchanga, kwa fimbo na kwa viatu vyake vilivyolowa, kwa bidii ya mtu anayezika nyoka.

Sasa hatukuwa na maji hata tone, isipokuwa soda. Mume wangu alitaja soda. Nilimtazama, akaacha kuitaja. Nikamwonyesha kwa kidole chini ya daraja dogo tulilokuwa tumelipita: mto mkavu, mchanga mtupu, lakini mchanga wa Kitui si mkavu ukiuchimba.

"Nenda ukachimbe. Chukua mtungi. Na karai suuza kwa mchanga kwanza."

Alivua koti la suti. Mzee akakunja suruali iliyolowa akamfuata, na nikawaona wote wawili wamepiga magoti mtoni, mwoaji na msemaji wake, wanachimba kwa mikono kama watoto. Walicheka kitu fulani. Sijawahi kujua ni nini.

Nami nikaenda kwenye pampu. Ilikuwa nyuma ya kiti, nilikuwa nimenyunyizia ndengu nayo juma hilo. Mume wangu alikuwa ametaka tuishushe tusiende ukweni na kifaa cha shamba, nami kwa ubishi tu nikaiacha. Nikaifungua vipande vipande juu ya gunia. Pete ya mfuniko ilikuwa kubwa mno. Ya mdomo wa mbele ilikuwa nyembamba, ingetoweka ndani. Nikafungua mkono wa kubonyeza, pale bomba linapoungana, nikatoa pete moja nyeusi, laini, nikaivalisha kizibo. Ilikaa kwenye mfereji wake bila kulegea na bila kubana. Nilijiongelesha kwa sauti. Nikaiosha kwa soda, maana nilikuwa sina kingine, nikaifuta vizuri, nikaipaka mafuta ya kujipaka kidogo kutoka mkoba wangu ili isije ikajikunja, nikasugua tena ile chumvi hadi plastiki ikang'aa, nikakirudisha kizibo kwa vidole. Vidole tu. Kilipokaza nikaacha. Koleo nililitupa mbali ili mtu asilione.

Walirudi na mtungi umejaa maji baridi ya mchangani, matamu, yasiyo na chumvi. Tukachuja kwa leso yangu. Nikamimina pole pole, nikangoja mapovu yatoke, nikamimina tena. Nikawasha injini kifuniko kikiwa wazi, maji yakashuka kidogo, nikaongeza, yakatulia. Nikafunga. Kisha nikajilaza tena chini ya gari na kutazama kizibo.

Maisha yangu yote nimeomba ardhi ilowe. Nimefunga na kusali kwa ajili ya matone. Siku hiyo nililala mgongo nikitazama kipande cha vumbi ukubwa wa sahani chini ya radieta, nikingoja, na vumbi likabaki kavu. Injini ilinguruma juu yangu, mshale ukakaa katikati kama mtu mwenye heshima zake, na vumbi likabaki kavu. Nikapiga kigelegele nikiwa bado chini ya gari, hadi mbuzi wakashtuka.

"Nesa!" mzee alisema, vizuri sana kwa Kikamba. "Nesa! Twende!"

Niliendesha kama sijawahi kuendesha, ingawa sikukimbiza, kwa sababu ya soda na mume wangu nyuma. Tulipovuka mto Athi ndugu yangu alipiga tena, na mzee akanishikia simu sikioni.

"Amesimama," alisema kwa kunong'ona.

"Amesimama kufanya nini?"

"Anatafuta jembe."

"Ficha jembe!"

Baadaye aliniambia alilitupa juu ya paa la banda la kuku.

Tulifika Kibwezi, tukaingia barabara kuu, tukapenya kati ya malori hadi Kambu, tukakata njia ya vumbi ya kwetu. Jua lilikuwa utosini, sitaki kubishana na mtu kama lilikuwa limepinda au la. Nikasimamisha gari kabla ya lango, nikawaachia mbuzi na soda, nikakimbia nyuma kupitia mabua ya mtama hadi jikoni. Mama aligeuka na mwiko mkononi. Gauni langu lilikuwa na ramani ya kutu, nywele zina nyasi, grisi imenifika viwiko.

"Mwaitu," alisema, "umeolewa ama umepigana?"

"Bado sijui, mama. Sikiliza."

Tukasimama wote wawili nyuma ya mlango wa jikoni, tukichungulia kwenye ufa. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Wazee wake wawili walikuwa pembeni. Mzee wetu aliingia na suruali yake yenye matope, akasalimu, akaanza maneno kwa Kikamba kizuri cha zamani, akazunguka na kuzunguka kama inavyotakiwa, hadi akafika kwa mbuzi. Baba aliwaangalia mbuzi. Akaangalia suruali.

"Kwa nini mmechelewa?"

Nilishika mkono wa mama. Mume wangu aliinamisha kichwa. Na mzee wetu, Mungu ambariki, badala ya kuomba radhi, alijivuna. Akasimulia yote. Mvuke, kizibo, pete ya pampu, karai. Akasimulia jinsi alivyokuwa karibu kuua mbuzi wa ntheo kwa mikono yake, na jinsi alivyolowa, na jinsi yeye na mwoaji walivyochimba mchanga kama fisi. Wazee wa baba walianza kucheka. Baba hakucheka.

"Gari alitengeneza nani?" aliuliza.

"Binti yako. Peke yake."

Baba alimaliza chai yake. Kisha akaweka kikombe chake chini.

"Hawa mbuzi hawatoshi," alisema.

Mama alinifinya hadi nikaumia. Niliona shingo ya mume wangu ikitoka jasho. Nikajua basi, imeisha, tumefukuzwa na mbuzi wetu.

"Mlisema mnakuja kuchukua msichana," baba aliendelea. "Hamkuniambia mnachukua na makanika. Miaka yote hii mmemtumia bila kusema. Ongezeni mbuzi."

Mzee wetu, fundi wa maneno, hakupoteza hata pumzi moja. "Mzee, hiyo ni haki yako. Tutaongeza."

Baba ndipo akacheka. Alicheka kwa tumbo, kicheko nilichokuwa nimekisahau, akaanza kuwaambia wazee wake kwamba nilipokuwa mdogo niliifungua saa ya ukutani nikairudisha, na kwamba nilirekebisha pampu ya shule, na kwamba hakuna kitu chenye skrubu kilichowahi kupona mikononi mwangu. Aliendelea tu. Miaka yote ile hakuwa amenitaja, nami nilidhani hana la kusema juu yangu. Sasa alikuwa ananisifu kwa sauti mbele ya wageni na anadai zaidi kwa ajili yangu. Nililia pale nyuma ya mlango bila kujizuia, kwa furaha tupu. Hakuna baba anayedai mbuzi zaidi kwa binti anayemwonea haya.

"Baba, itisha wawili!" nikapiga kelele kutoka jikoni, kinyume cha adabu zote.

Boma zima likalipuka kwa vicheko, mume wangu akashika kichwa, maana mbuzi hao wangetoka zizini mwetu, kati ya wale ninaowalisha mimi mwenyewe. Baba akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Leteni kisu," alisema.

Beberu akachinjwa, nami nikaolewa, na grisi ikiwa bado kwenye viwiko.